Mwandiko wa Moyo: Donge la Damu Likifika Kwenye Mapafu



Juma hili tunajibu swali lililoletwa katika mkutano wetu wa siku ya posho. Mama mmoja alifika na karatasi ndefu ya rangi ya waridi, yenye miraba midogo na mstari mweusi unaopanda na kushuka. Mdogo wake alilazwa hospitali siku chache baada ya kuzaa, akikosa pumzi. Daktari aliwaambia jamaa kwamba damu iliganda mguuni, ikapanda mpaka mapafuni, na kwamba karatasi ile inaonyesha moyo umelemewa upande wa kuume. Mgonjwa alitibiwa, amerudi nyumbani, ananyonyesha. Lakini jamaa walibaki na maswali mawili. Daktari alijuaje habari za mapafu kwa kupima moyo? Na kama karatasi ingetoka nzuri, je, angewaambia warudi nyumbani?

Maswali haya yanatuhusu sisi sote tunaozaa na tunaozalisha. Tumewauliza waganga, tumesoma, na leo tunaeleza kwa lugha ya nyumbani. Jibu letu kwa ufupi: mchoro wa moyo unamsaidia daktari kujua ugonjwa ni mkali kiasi gani, lakini mchoro mzuri hauwezi kuthibitisha kwamba ugonjwa haupo. Tena unamfaa tu mama aliyefikishwa hospitali akiwa bado hai. Kusoma mchoro ni kazi ya waganga. Kumfikisha mama ni kazi yetu.

Damu inagandaje, na inasafirije

Kuganda kwa damu si kosa. Kisu kikitukata tunapomenya mihogo, damu huganda na kidonda hufunga. Mwili wa mwenye mimba hujitayarisha kwa siku ya kuzaa kwa kuifanya damu iwe nyepesi kuganda, ili mama asipoteze damu nyingi. Ni kinga nzuri, ila ina bei yake. Hatari ya damu kuganda mahali pasipofaa huongezeka mara 4 hadi 5 wakati wa mimba, ukilinganisha na mwanamke wa umri ule ule asiye na mimba. Na majuma 6 ya kwanza baada ya kuzaa ndiyo yenye hatari kupita yote.

Mahali hapo pasipofaa mara nyingi ni mshipa mkubwa wa ndani ya mguu au wa paja. Waganga wetu huiita hali hiyo flebiti. Damu ya miguuni hurudi juu polepole, ikisukumwa na misuli tunapotembea. Mimba ikikua, inaukandamiza mshipa unaorudisha damu. Mama akilala siku nyingi bila kutembea, msukumo wa misuli nao unakosekana. Kwa wenye mimba, mguu wa kushoto ndio hupatwa mara nyingi zaidi, kwa sababu upande ule mshipa unaorudisha damu hupita chini ya mshipa mwingine unaoubana.

Wako wamama ambao hatari yao ni kubwa zaidi: aliyezaa kwa kupasuliwa, aliyepoteza damu nyingi au kupata homa ya uzazi, mwenye mwili mzito sana, mwenye SS, aliyelazwa muda mrefu kwa ugonjwa mwingine, na aliyewahi kupata donge la damu zamani. Huyu wa mwisho aseme mapema, kwenye CPN ya kwanza, bila kungoja kuulizwa.

Kipande cha donge kikikatika mguuni, kinafuata njia ya damu. Kinapanda kwa mshipa mpana wa tumbo, kinaingia moyoni upande wa kuume, kisha kinasukumwa kuelekea mapafuni. Huko mishipa hugawanyika kama matawi ya mwembe, kila tawi jembamba kuliko lililotangulia, mpaka donge linakwama. Likikwama mbali, kwenye kitawi, mama anasikia kisu ubavuni akivuta pumzi, anakohoa, pengine anatema damu kidogo. Likiwa kubwa na likakwama kwenye shina, mama anaweza kuanguka na kufa kabla sufuria ya maji haijachemka. Kati ya hali hizo mbili kuna nyingine nyingi. Ndiyo maana daktari hatosheki na kusema "ni donge". Anataka kujua mgonjwa wake amesimama wapi kati ya kitawi na shina.

Kwa nini moyo unaandika habari za mapafu

Moyo una pande mbili zinazofanya kazi pamoja. Upande wa kushoto una ukuta mnene, kwa sababu unasukuma damu mwili mzima, kutoka kichwani mpaka kidole cha mguu. Upande wa kuume una ukuta mwembamba, kwa sababu kazi yake ni kusukuma damu mpaka mapafuni tu, ambayo ni majirani zake. Ni kama mpiga kasia aliyezoea kuvusha watu kwenye maji tulivu ya ukingoni. Siku moja Lualaba imejaa, anaambiwa aupandishe mtumbwi dhidi ya mkondo. Atajaribu, atapiga kasia haraka haraka, mikono itamwuma, na mwisho mtumbwi utaanza kurudi nyuma.

Donge likiziba njia ya mapafu, upande wa kuume wa moyo unapatwa na jambo lile lile. Unapiga haraka, unavimba, unaanza kuubana upande wa kushoto. Damu inayofika upande wa kushoto inapungua, tansio inashuka, kichwa kinazunguka, mama anazimia. Kwa hiyo, katika ugonjwa huu, kinachoua mara nyingi ni moyo ulioshindwa kusukuma. Ndiyo sababu daktari anayetaka kujua ukali wa donge la mapafuni anautazama moyo.

Na moyo, kila unapopiga, unatoa umeme kidogo sana unaoenea mpaka kwenye ngozi. Mholanzi Willem Einthoven, daktari na mwalimu huko Leiden, alitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1900 mashine iliyoweza kuuandika umeme huo vizuri, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine zake za kwanza zilijaza chumba, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Leo mashine inaingia katika mkoba. Mganga anabandika vishikizo 10: vinne kwenye mikono na miguu, sita kifuani. Haviumizi, havichomi, havipitishi umeme kumwingia mgonjwa. Vinasikiliza tu. Kwa dakika chache karatasi inatoka. Waganga huiita ECG, yaani elektrokardiogramu. Sisi tumeipa jina la mwandiko wa moyo, kwa sababu kila mwalimu anajua kwamba mtoto mchovu huonekana katika mwandiko wake kabla hajasema neno.

Daktari anasoma nini katika karatasi ile

Jambo la kwanza ni mbio za moyo. Karatasi hutembea milimita 25 kila sekunde. Ukihesabu miraba mikubwa kati ya pigo na pigo, kisha ukagawanya 300 kwa hesabu hiyo, unapata mapigo ya dakika moja. Miraba 5 ni mapigo 60. Miraba 3 ni 100. Miraba 2 ni 150. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Moyo unaokimbia ndiyo alama inayoonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa donge la mapafuni. Lakini malaria, homa, upungufu wa damu na hofu navyo huukimbiza moyo. Kwa hiyo alama hii peke yake haimtaji mwizi.

Jambo la pili ni vilima vilivyopinduka. Katika mwandiko wa kawaida, kila pigo linamalizika kwa kilima kidogo. Katika vishikizo vya kifuani vilivyo mbele ya upande wa kuume wa moyo, kilima hicho kikigeuka kuwa bonde, na mabonde yakifuatana kutoka kishikizo cha kwanza mpaka cha nne, daktari anajua upande wa kuume unateseka. Zaidi ya hapo, pengine umeme unachelewa kupita upande wa kuume, na umbo la pigo linapanuka. Pengine moyo unapiga ovyo, bila mpangilio. Hizo nazo ni alama za kulemewa.

Kuna pia alama yenye jina refu, S1Q3T3, ambayo madaktari wote hufundishwa shuleni. Sylvester McGinn na Paul White wa Boston, Marekani, waliieleza mwaka 1935. Mstari mmoja unashuka chini kupita kawaida, na mstari mwingine una kibonde mwanzoni na kilima kilichopinduka mwishoni. Ina sifa kubwa, lakini wagonjwa wengi wa donge hawanayo, na wengine wanayo kwa sababu nyingine. Daktari mwenye busara huitazama pamoja na alama nyingine zote.

Mwaka 2001 madaktari wa Marekani, Daniel, Courtney na Kline, walifanya jambo ambalo sisi walimu tunalielewa upesi: waliupa mwandiko huo pointi kama tunavyosahihisha mtihani. Moyo ukipita mapigo 100, pointi 2. Vilima vikipinduka vyote vinne kifuani, pointi 4. S1Q3T3, pointi 2. Alama nyingine nazo zina pointi zake, mpaka jumla ya 21. Tofauti na darasani, hapa anayepata pointi nyingi ndiye aliye taabani. Waliona kwamba mgonjwa wa donge anayefika pointi 10 au zaidi, mara nyingi presha ndani ya mishipa ya mapafu yake imepanda sana. Mwaka 2015 Kline na wenzake walikusanya tafiti nyingi pamoja, wakaona kwamba alama hizi tulizozitaja zinaonekana zaidi kwa wale ambao tansio yao itaanguka au watakaokufa. Kwa hiyo mwandiko hauelezi tu hali ya leo. Unamwonya daktari juu ya usiku unaokuja: mgonjwa huyu asiachwe peke yake, oksijeni iwe karibu, tansio ipimwe mara kwa mara.

Tena mwandiko hurudiwa. Donge likiyeyuka na njia ikifunguka, mabonde hurudi polepole kuwa vilima. Ukiona hospitali inampima mama mara ya pili na ya tatu, usidhani wanatafuta pesa. Wanalinganisha mwandiko wa leo na wa juzi.

Karatasi nzuri si ruhusa ya kurudi nyumbani

Hapa tunajibu swali la pili, na tunaomba kila mmoja alishike. Mtu anaweza kuwa na donge mapafuni na mwandiko wa moyo wake ukawa mzuri kabisa. Donge likiwa dogo, moyo haujalemewa bado. Lakini donge dogo la leo linaweza kuwa mjumbe wa donge kubwa ambalo bado limelala mguuni. Kwa hiyo mama anayekosa pumzi, aliyezaa karibuni, mwenye mguu mmoja uliovimba, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu ECG haikuonyesha kitu. Jamaa wana haki ya kumwuliza daktari kwa heshima: "Daktari, mguu wake umevimba upande mmoja. Je, haiwezi kuwa flebiti iliyopanda?"

Kinachothibitisha donge lenyewe ni picha ya skana, na mashine hiyo iko mbali nasi. Lakini hospitali yenye ekografia inaweza kuutazama mguu. Donge likionekana pale, kwa mama anayekosa pumzi, matibabu yanaanza bila kungoja skana. Ekografia ya moyo nayo huonyesha kama upande wa kuume umevimba. Na mwandiko wa moyo unasaidia pia kutofautisha magonjwa yanayofanana na hili. Kuna ugonjwa wa moyo unaowapata wamama wa Afrika mwishoni mwa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kuzaa. Nao huleta kukosa pumzi, lakini miguu huvimba yote miwili, na mama hawezi kulala bila kuinuliwa kichwa. Matibabu yake ni mengine. Ndiyo maana dawa za kununua sokoni kwa kukisia ni hatari.

Ukali haupimwi kwa mashine tu. Daktari anatazama tansio: ile namba ya juu ikishuka chini ya 90, na donge likiwa ndilo lililosababisha, hiyo ni hali ya kufa na kupona. Anatazama oksijeni katika damu kwa kile kibanio cha kidole: chini ya 90 kwa mia ni hatari. Anahesabu mapigo na pumzi. Anauliza kama mama amezimia. Mwandiko wa moyo unakaa pamoja na mashahidi hao, na hukumu inatoka kwa wote.

Mama anayejua mwili wake

Pengine mtu atasema haya ni mambo ya watu maskini na vijiji vya mbali. Sivyo. Serena Williams, bingwa wa tenisi wa Marekani, alizaa binti yake tarehe 1 Septemba 2017 kwa kupasuliwa. Siku iliyofuata alianza kukosa pumzi. Alikuwa amewahi kupata donge mapafuni mwaka 2011, kwa hiyo alilijua. Alimwambia muuguzi kwamba anahitaji skana na dawa ya kuzuia damu kuganda. Kama alivyosimulia baadaye, muuguzi alidhani dawa za maumivu zinamchanganya. Walianza kwa kuipima miguu, na hawakuona kitu. Serena hakunyamaza. Walipofanya skana, madonge yalikuwa mapafuni kama alivyosema, na alipona kwa sababu dawa ilianza.

Tunasimulia habari hii kwa sababu moja. Mwanamke tajiri, mwenye jina duniani, katika nchi yenye mashine zote, ilimbidi aseme zaidi ya mara moja ndipo asikilizwe. Basi mke mdogo wa miaka 19 katika nyumba ya mama mkwe wake, siku ya nne baada ya kuzaa, akisema kwa sauti ndogo "sipati pumzi", ni nani atamsikiliza? Mara nyingi anaambiwa ni uchovu, ni uvivu, ni mzaha wa mzazi wa kwanza. Hali ikizidi, maneno yanageuka: wamemroga, ni wivu wa fulani, mleteni mzee fulani. Saa zinapita. Hatusemi watu waache imani zao. Anayetaka kuomba aombe, lakini aombe njiani, pikipiki ikiwa inatembea.

Matibabu, na mambo ya nyumbani

Dawa ya kwanza ni sindano ya heparini, inayolizuia donge lisikue wakati mwili unaliyeyusha. Inaweza kutolewa wakati wa mimba, na haimzuii mama kunyonyesha. Anayekosa pumzi anapewa oksijeni. Zipo dawa kali za kuyeyusha donge, lakini hutunzwa kwa yule ambaye tansio yake imeanguka, maana zinaweza kumtoa damu nyingi mama aliyezaa juzi. Hapo ndipo kupima ukali kunapokuwa na faida: dawa kali kwa aliye hatarini kabisa, dawa ya kawaida na ulinzi kwa wengine.

Baada ya sindano, mama aliyekwisha kuzaa anaweza kupewa vidonge vya warfarini, ambavyo pia vinapatana na kunyonyesha. Wakati wa mimba kwa kawaida havitumiki, kwa kuwa vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Matibabu huchukua angalau miezi 3, na kuyakata kwa sababu "nimepona" ni kulikaribisha donge upya. Warfarini haipatani na mabadiliko ya ghafla ya mboga za majani. Sombe, matembele na lengalenga zina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Hakuna haja ya kuziacha. Mama ale kiasi kile kile kila juma, asipitishe siku kumi bila mboga kisha akala sombe asubuhi na jioni. Na dawa za miti au vidonge vingine vya maumivu asivichanganye kabla ya kumwuliza mganga. Siku ya kuchagua njia ya uzazi wa mpango, aseme wazi kwamba amewahi kuwa na donge, kwa sababu vidonge vya kawaida vya kila siku, vyenye homoni mbili, havimfai.

Kazi yetu kabla ya mashine

Kasongo yetu ina historia katika jambo hili. Tangu miaka ya 1970, madaktari wa Kongo pamoja na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walijenga huko mpango wa vituo vya afya vilivyofungamana na hospitali moja, na nchi nyingine zikajifunza kutokana nao. Mawazo yake ni rahisi: kituo kilicho karibu kinamtambua mgonjwa, kinamwandikia barua, na hospitali inafanya kile ambacho kituo hakiwezi. Mashine ya ECG haikai katika kituo kidogo. Lakini mnyororo wote unaanza nyumbani, kwa mtu wa kwanza anayeona mguu umevimba.

Mwaka 1994 wanawake wawili wataalamu, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba wamama hufa kwa machelewo matatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La tatu ni la serikali na hospitali, nasi tuendelee kulidai. Mawili ya kwanza yako mikononi mwetu. Huko Kameruni, injinia Arthur Zang ametengeneza kifaa kiitwacho Cardiopad, kinachochukua mwandiko wa moyo kijijini na kuutuma kwa daktari wa moyo aliye mjini. Alipewa tuzo ya Afrika ya wahandisi mwaka 2016. Siku moja kifaa cha namna hiyo kitafika kwetu pia. Mpaka siku hiyo, tuna vidole vyetu na macho yetu.

Katika vikundi vyetu tunapendekeza mambo haya:

Kila mzazi ainuke na kutembea mapema, hata kama ni hatua chache kuzunguka nyumba. Aliyepasuliwa asaidiwe kuinuka mara mganga anaporuhusu. Anywe maji ya kutosha. Kumpumzisha mzazi ni kumwondolea jembe na mzigo wa kuni. Si kumfunga kitandani.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa na joto kuliko mwenzake, usikandwe. Usichuliwe kwa mafuta, usikandamizwe kwa maji ya moto. Kuukanda kunaweza kulikata donge na kulipeleka mapafuni. Twende kituo cha afya siku ile ile, hata kama mama anapumua vizuri. Dalili ya mvua ni mawingu.

Tujifunze kuhesabu mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu kwa dakika nzima ukitazama simu. Usitumie kidole gumba chako, maana nacho kina mapigo yake. Mama aliyetulia mwenye mapigo 110 au zaidi na anayekosa pumzi, au anayevuta pumzi 30 au zaidi kwa dakika, aondoke sasa hivi. Aliyezimia, anayetema damu, mwenye midomo iliyobadilika rangi, aondoke bila hata kuhesabiwa. Mapigo yakiwa mazuri lakini pumzi inakosekana, aondoke vilevile.

Njiani asilazimishwe kutembea. Abebwe kwa kipoyi au pikipiki, akiwa ameinuliwa mgongo, na mtu wa kumshika nyuma. Mtoto aende naye.

Mkifika, semeni maneno manne kabla ya mengine yote: amezaa lini, pumzi ilianza lini, mguu gani umevimba, na kama amewahi kupata donge. Maneno haya yanampa mganga mwanga hata kabla ya mashine kuwashwa. Mkipewa karatasi ya ECG, itunzeni mahali pakavu, pasipo jua, kwa sababu wino wake hufifia. Itahitajika kwa kulinganisha.

La mwisho ni makuta. Vikundi vingi vina likelemba au sanduku la muso. Tunashauri kila kikundi kitenge sehemu ndogo kila juma kwa usafiri wa mzazi mgonjwa, pesa isiyoguswa kwa jambo lingine, na kipatane bei na mwenye pikipiki mmoja na mwenye mtumbwi mmoja sasa, wakati hakuna anayelia. Jina na namba zao ziandikwe nyuma ya mlango wa mweka hazina. Siku ya posho ijayo, kila kikundi kilete majina hayo mkutanoni, na pale pale tutafanya zoezi la kuhesabu mapigo, wawili wawili. Njooni na simu yenye saa.

Juma lijalo tutaongea juu ya upungufu wa damu kwa mwenye mimba, na namna ya kupika sombe na ndagala ili mama apate nguvu. Wenye maswali wayaandike na kuyaacha kwa katibu wa kikundi chao. Mbaki salama.